Balozi wa Mageuko

Jamhuri ya Unyofu haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji atakayedhani ameitambua atakuwa ameichanganya na nchi nyingine yenye bahati mbaya ya kufanana nayo. Ni nchi ya amani. Raia wake, Wanyofu, hutii sheria zote, hata zile ambazo bado hazijatungwa, na serikali yao inawapenda kiasi kwamba kila baada ya miaka michache hutaka kuwafahamu upya. Ndiyo maana huwabadilishia vitambulisho.

Mwaka huo fomu ya kitambulisho ilikuja na kisanduku kipya, namba kumi na saba: "Asili ya Mwombaji". Hakuna aliyekumbuka wizarani ni nani aliyekiweka, lakini kwa kuwa kilikuwa kimeshapigwa chapa, kiliheshimiwa. Wananchi wakajaza. Wengine waliandika "mavumbi". Wengine "tumboni". Mama mmoja wa wilaya ya kati aliandika "udongo kwa upande wangu, nyani kwa upande wa mume", fomu ikarudishwa aambatishe ushahidi. Baada ya wiki mbili fomu laki nane zilikuwa zimerundikana kwenye korido za Wizara ya Asili na Vibali, na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Pelagia Mnukwa, akatangaza redioni kwamba taifa haliwezi kuendelea kuishi bila kujua lilikotoka, tena katika nakala tatu.

Jibu lingepatikana kwa mdahalo wa hadhara. Upande wa Maandiko ungesemewa na Askofu Obadia Lumwesa. Upande wa sayansi ungesemewa na Profesa Anatoli Mbuguje wa Chuo Kikuu. Jibu la mshindi lingechapwa kwenye kitambulisho cha kila Mnyofu, aliye hai na atakayezaliwa.

Profesa Mbuguje aliposoma barua ya uteuzi, aliisoma amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amefundisha mageuko ya viumbe katika ukumbi wa watu mia tatu, mbele ya wanafunzi kumi na mmoja. Kati ya hao, wanne walikuwa askari kanzu, kwa sababu mkuu wa usalama wa chuo alisikia "mageuko" akaelewa "mageuzi", na mageuzi katika Unyofu yalikuwa yamepigwa marufuku. Askari hao waliandika kila neno. Mmoja alipata shahada.

Sasa taifa zima lingemsikiliza. Furaha hiyo ilidumu mpaka jicho lake liliposhuka kwenye jina la mpinzani.

Obadia! Walikuwa wamekaa dawati moja sekondari. Obadia alinakili michoro yake yote, na mtihani wa mwisho, alipokosa pa kunakili, aliandika kwamba moyo wa chura una vyumba vitatu na sebule. Alipata alama tisa kwa mia. Mtu wa alama tisa! Na mtu huyo leo alikuwa na kanisa la waumini elfu nne, na sauti nzito, tamu, ambayo hata akisoma tangazo la mwavuli uliopotea, watu hutoa leso. Alikuwa mjane wa miaka sita, na ujane ulimkaa vizuri kama kanzu mpya. Mbaya kuliko yote, sauti ya kwanza katika kwaya yake ilikuwa ya Apronia, mke wa Profesa.

*

"Nimeteuliwa," Profesa alisema siku hiyo mezani.

"Nimesikia, mume wangu. Hongera." Apronia alimpakulia mboga. "Baba Askofu alitangaza kwenye mazoezi. Alisema tukuombee."

"Aliwaambia mniombee?"

"Alisema wewe ni mtu mwenye akili kuliko wote aliosoma nao."

Profesa aliweka kijiko chini. Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi, maana ilimfikia ikiwa imepitia kwenye mdomo wa Obadia na kurudi kwenye mdomo wa mke wake. "Na siku yenyewe, wewe utakaa wapi?"

"Kwaya inaimba, baba. Nitakaa na kwaya."

"Upande wake, yaani."

"Upande wa jukwaa ambao una kivuli."

Apronia alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alizaliwa ng'ambo ya mto, katika Jamhuri ya Ukaidi, akaolewa huku akiwa na miaka ishirini na mbili. Kwa miaka ishirini na saba aliamini kwamba Mungu ameumba kila kitu, na pia kwamba mume wake anajua jinsi kila kitu kilivyoumbwa, na mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwake bila kugombana. Aliyekosa amani ni Profesa. Aliijua saa ya mazoezi kuanza na saa ya kwisha, alijua hatua kutoka kanisani hadi nyumbani, na Apronia akichelewa dakika tano, dakika hizo tano alizitafuna kama kokoto.

*

Uwanja wa Taifa ulijaa. Vikundi vya ngoma vilicheza asili mbili, ya udongo na ya mti, ili kuonyesha kwamba serikali haina upendeleo.

Profesa alianza. Alileta chati tisa, mafuvu manne na mashine ya kuonyeshea picha, ambayo ilizimika kwenye picha ya kwanza. Alieleza kwa utaratibu, alifafanua maana ya "nadharia", akarekebisha kosa la herufi kwenye chati yake mwenyewe. Dakika ya kumi, mtu wa jukwaa la mashariki akapaza sauti: "Profesa! Huyo nyani ni babu yako wa kuumeni au wa kukeni?" Uwanja ukaangua kicheko kilichochukua dakika mbili. Profesa alisubiri kiishe, kisha akalijibu swali. Hapo ndipo walipocheka hasa.

Askofu Obadia alisimama bila karatasi. Kwanza aliutazama uwanja kama mzazi anayehesabu watoto wake. Kisha akasema taratibu: "Yupo aliyekufinyanga. Alama ya dole gumba lake bado iko mgongoni mwako." Watu elfu arobaini wakapapasa migongo yao. Akina mama walilia. Profesa, mwanasayansi, aligundua kwamba na mkono wake ulikuwa umekwenda nyuma, akaurudisha mfukoni haraka. Kisha kwaya ikaimba, na sauti ya Apronia ikapanda juu ya zote, na Askofu akafumba macho kuisikiliza. Profesa aliyahesabu yale macho yaliyofumbwa: sekunde kumi na tisa.

Waziri Pelagia akapanda jukwaani kutangaza matokeo.

"Ndugu Wanyofu," alisema, "mdahalo ulikuwa huru na wa haki. Lakini leo asubuhi tumepokea taarifa kwamba jirani zetu wa Ukaidi wametangaza rasmi kuwa bustani ya Adamu iko kwao, nyuma ya kiwanda chao cha sabuni, na wameshaweka geti. Je, Unyofu iwe ya pili? Haiwezekani! Kama wao wana Adamu, sisi tuna babu yake Adamu! Mshindi ni Profesa Mbuguje!"

Kisha watu, kwa kuwa ni raia wema, wakapiga makofi.

*

Kwa siku mbili Profesa Mbuguje alikuwa mtu mwenye furaha. Alinunua tai. Alipita mbele ya kanisa mara tatu bila kuwa na safari.

Siku ya tatu gazeti la serikali lilitoa picha ya Askofu Obadia akipeana mkono na Mnyofu Mkuu mwenyewe, Rais wa nchi. Chini yake pameandikwa: "Askofu Lumwesa ateuliwa Balozi wa Taifa wa Mageuko".

Profesa alikwenda wizarani kwa miguu, gazeti mkononi.

"Mheshimiwa Waziri, mtu huyu alipinga mageuko mbele ya watu elfu arobaini!"

"Ndiyo, na walimwelewa," alisema Waziri. "Wewe uliyatetea, hawakukuelewa. Serikali inataka yaeleweke. Ukweli ni wako, Profesa, hilo halina ubishi. Sauti ndiyo si yako."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Tumekufikiria. Utakuwa Msaidizi wa Kitaalamu wa Balozi. Utambebea mafuvu."

Profesa alikataa, akatoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu alipofunga ndoa, aliingia kanisani. Alisimama nyuma, karibu na mlango, ionekane kwamba anapita tu. Askofu Obadia alikuwa mimbarini.

"Wanangu," alisema kwa ile sauti yake, "nani aliwaambia kwamba siku ya sita ilikwisha jioni? Mungu ana saa ya mkononi kama yako? Siku yake ni ndefu! Ndani ya siku hiyo moja, kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi kiliamka majini, kikatamani nchi kavu. Kikatambaa. Kikapanda mtini. Kikashuka. Kikasimama wima kama Mnyofu!"

Watu walilia. Yule mtu wa jukwaa la mashariki, aliyeuliza habari za babu wa kukeni, alikuwa amepiga magoti kwenye ujia wa katikati, analia kuliko wote. Kwaya ikaimba wimbo mpya, "Tumeshuka Mtini", na Apronia ndiye aliyeuongoza.

Profesa alishika ukingo wa benchi. Chembe ya chumvi! Mfano huo ulikuwa wake. Aliutumia kila mwaka katika muhadhara wa pili, na kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi hata kuinua kichwa kutoka kwenye daftari, hata wale askari walioandika kila neno kwa ajili ya serikali. Sasa maneno yake yalikuwa yamevaa kanzu ya mtu mwingine, yanapigiwa magoti. Kushindwa mbele ya watu uwanjani, kabla Waziri hajampa ushindi, hakukumuuma hivi. Kule alishindwa na uongo, hapa alikuwa anashindwa na ukweli wake mwenyewe.

Alitoka nje akiwa na wazo moja tu. Obadia aanguke, hata kama ni kwa hoja asiyoiamini yeye mwenyewe.

*

Kanuni za Asili, kifungu cha tisa, ziliruhusu rufaa ndani ya siku tisini, mradi isainiwe na profesa mmoja. Waliotaka kukata rufaa walikuwapo. Walikuwa watu ishirini na watatu waliogoma kuhamia mtini pamoja na Askofu wao, wakiongozwa na katekista mzee aliyeitwa Dismasi, na walisali kwenye banda nyuma ya mashine ya kusaga. Walikosa profesa tu.

Profesa Mbuguje alipoingia bandani na kusema atamtetea Adamu, Dismasi alimtazama kwa muda, unga umemjaa kwenye nyusi.

"Umeongoka, Profesa?"

"Nitasaini."

"Nimekuuliza umeongoka."

"Mzee Dismasi, unataka wokovu wangu au saini yangu?"

Dismasi alifikiri. "Vyote," alisema kwa masikitiko. "Lakini lete saini kwanza."

Profesa alijitia kwenye Maandiko kama alivyokuwa akijitia kwenye vitabu vya mifupa. Alikariri kwa sauti, akitembea sebuleni. Apronia alipomsikia kwa mara ya kwanza alisimama mlangoni na kikapu mkononi, uso umejaa nuru, na kwa dakika nzima Profesa alikuwa mume anayependwa. Kisha Apronia akaona kwenye meza barua ya rufaa, na jina la Askofu limepigiwa mstari mara nne kwa wino mwekundu.

"Unaamini hayo unayosoma?"

"Kwani yeye anaamini hayo anayohubiri?"

"Sikukuuliza yeye. Nimekuuliza wewe."

Apronia aliweka kikapu chini.

"Anatoli," alisema, naye hakuwa na kawaida ya kumwita jina, "siku mchuzi wangu ukiwa mbaya, wewe huniambia ni mbaya. Kwaya ikiimba vibaya, wote wananisifu, wewe unaniambia nilishuka nusu sauti. Miaka yote hii nasema, mume wangu hasali, lakini hasemi uongo. Nimemwambia hivyo hata Baba Askofu. Sasa niseme nini?"

"Mnanizungumzia?" aliuliza Profesa. "Wewe na yeye? Lini? Wapi?"

Apronia alichukua kikapu chake, akaenda jikoni.

*

Siku ya rufaa uwanja ulijaa tena. Lakini safari hii mbele ya jukwaa kulikuwa na kitu kipya. Mashine za kuchapia vitambulisho zilikuwa zimepangwa tayari, na kisanduku namba kumi na saba kilikuwa kimegawanywa sehemu mbili. Upande mmoja umeandikwa "Amekamilika", upande wa pili "Hajakamilika".

Askofu Obadia alizungumza wa kwanza. Safari hii alikuwa na karatasi ya wizara. Alisema vizuri kama kawaida, akafika ukurasa wa mwisho, akasita, akafuta paji la uso, kisha akasoma bila kuinua macho: "Kwa hiyo, kwa mujibu wa sayansi, Mnyofu alimaliza kugeuka zamani. Mkaidi wa ng'ambo ya mto bado hajamaliza. Wakaidi wote wanaoishi kati yetu wataandikwa 'Hajakamilika', na kuanzia mwezi ujao watarudishwa kwao wakamalizie huko."

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Profesa aliangalia upande wa kwaya. Watu wawili waliokaa karibu na Apronia, waliokuwa wakishiriki naye kitabu kimoja cha nyimbo, walikuwa wamesogea. Kidogo tu, kiasi cha kiganja. Apronia alikuwa amekaa wima, anatazama mbele.

Wakamwita Profesa. Katekista Dismasi alimkabidhi hotuba ya kurasa arobaini, maandishi ya Profesa mwenyewe, kila ukurasa una mtego wa kumwangusha Obadia. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Aliishika, akaenda mbele ya kipaza sauti, akaishusha bila kuisoma.

"Nimekuja kumtetea Adamu," alisema. "Asubuhi sikumwamini, na sasa simwamini. Nilisaini kwa sababu ya wivu. Mzee Dismasi, nisamehe."

Dismasi alifunika uso kwa kofia.

"Lakini aliyosoma Balozi ni uongo. Nimeshika mifupa ya pande zote mbili za mto. Imo kabatini kwangu, na vibandiko vikidondoka mimi mwenyewe siwezi kujua upi ni wa wapi. Sayansi inasema tuna mama mmoja. Na Maandiko nimeyasoma miezi miwili, natafuta silaha. Nayo yanasema tuna mama mmoja. Vitabu hivi vinagombana kwa kila kitu, ila kwa hili haviko mbali. Hakuna hata kimoja kinachotaja mto."

Hakupiga makofi mtu. Waliomsikia hawakuamini, na wengi hawakumsikia kabisa. Mtu mmoja alipaza sauti, "Ongea juu, Profesa!" Waziri Pelagia aliwapungia mkono mafundi waanze kuwasha mashine.

Hapo Askofu Obadia alisimama. Alikuja kwenye kipaza sauti, akakiinua kidogo kwa sababu yeye alikuwa mrefu, karatasi ya wizara ikiwa imefinyangwa ndani ya ngumi yake. Akautazama uwanja.

"Mama mmoja," alisema.

Alisema hivyo tu mwanzo. Uwanja ukatulia kama maji ya mtungi.

"Hakuna kitabu kinachotaja mto," Askofu aliendelea, na sauti yake ilitetemeka, safari hii si kwa ufundi. "Nilisoma uongo mbele yenu. Mnisamehe. Tuna mama mmoja."

Mtu mmoja alianza kulia. Kisha jukwaa la mashariki, kisha uwanja mzima. Wale wawili wa kwaya wakarudi kwa Apronia, wakamkumbatia mpaka kitabu cha nyimbo kikachanika. Watu walishuka kutoka majukwaani wakizisukuma mashine, wakikumbatiana, wakiitana ndugu. Polisi walijitahidi kutenganisha ndugu hao, lakini na wao walikuwa wanalia.

Profesa Mbuguje alisimama pembeni, kurasa arobaini mkononi. Wakaidi walikuwa wamepona. Mke wake amepona. Alishukuru kwa moyo wote, na ndani ya moyo huohuo sauti ndogo ilikuwa ikisema: lile neno nimelisema mimi.

*

Saa sita mchana ya siku iliyofuata wote wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi moja katika mahabusu ya kituo kikuu, wakishitakiwa kwa kosa la kusababisha undugu bila kibali. Wizara ilikuwa imetangaza kwamba kisanduku namba kumi na saba kimefutwa, kwa kuwa hakikuwahi kuwapo. Katekista Dismasi hakukamatwa. Polisi walipomfikia walimkuta anaomba, wakaogopa kumkatiza.

Askari wa zamu alikuwa amemletea Askofu godoro, akamwomba baraka. Profesa alipewa gazeti la kukalia.

"Ulisema vizuri jana," Askofu alisema hatimaye.

"Wewe ndiye uliyesikika."

"Bila wewe nisingekuwa na la kusema. Tangu sekondari, Anatoli, sijawahi kuwa na la kusema bila wewe."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Apronia na hotipoti.

Alikuwa na sahani mbili. Profesa alizihesabu mara moja: watu watatu, sahani mbili. Aliufuata mkono wa mke wake kwa macho. Apronia alipakua wali, akaweka vipande viwili vya nyama, vikubwa, akaipeleka sahani kwa Askofu kwa mikono miwili.

"Karibu, Baba Askofu."

"Umemwanzia yeye," Profesa alisema.

"Ni mgeni."

"Apronia, tuko mahabusu. Wote ni wageni hapa."

"Wewe si mgeni wangu," alisema Apronia. Alipakua sahani ya pili mpaka ikafurika, akasogeza kurasa za gazeti, akaketi sakafuni karibu na goti lake, akaweka sahani kati yao. Akanawa, akamnawisha na yeye. Kisha akatwaa kipande cha nyama, akakichambua mfupa kwa vidole kama alivyofanya mwaka ule wa kwanza walipokuwa hawana meza, akamwekea mume wake upande wake wa sahani. "Kula. Jana ulikonda."

Wakala. Wali ulikuwa na chumvi nyingi, na Profesa alimwambia hivyo. Apronia alicheka kwa sauti, mkono ukiwa mdomoni.

Profesa alipoinua macho, alimkuta Askofu Obadia Lumwesa ameshika sahani yake iliyojaa, hajaigusa, anatazama mikono miwili inayokutana kwenye wali mmoja. Jicho lile Profesa alilifahamu vizuri. Kwa miaka mingi alikuwa akiliona kwenye kioo kila asubuhi akinyoa ndevu.

Alitafuna taratibu, akameza. Kisha akajisogeza kidogo pembeni, ili Askofu aone vizuri zaidi.